Ramani ya Vibanio

Kware, Jumapili jioni

Mwanangu Kioko,

Usicheke, Baba. Au cheka, lakini usiache kusoma.

Najua mimi ndiye mtoto hapa. Nimemaliza kidato cha nne juzi tu na matokeo yenyewe bado. Lakini nimebeba jina la mama yako, na tangu nizaliwe umeniita Mwaitu, yaani mama, kama Wakamba wanavyomwita binti aliyepewa jina la nyanya yake. Umewahi kuniomba ruhusa ya kukaa kwenye kiti chako mwenyewe. Umerudi kazini jioni ukaniambia, "Mwaitu, leo mwanao ametukanwa na mwenye nyumba." Hata Mama, ambaye kwao ni Kakamega na desturi hii aliikuta kwenu, ameizoea mpaka ameifanya fimbo. "Mamamkwe wangu," ananiambia asubuhi nikiwa bado blanketini, "ukimaliza kulala, vyombo vinakusubiri."

Miaka yote hiyo mimi sijawahi kukuita mwanangu, hata kwa mzaha. Unaita, mimi natabasamu, nachukua mkoba wako wa vifaa, natazama chini. Kesho asubuhi unapanda basi la Lodwar kwenda kufunga madishi ya intaneti kwenye zahanati, na hutarudi mpaka mkataba wa mwaka uishe. Kwa hiyo leo nimeamua kukaa kwenye kiti cha nyanya kwa muda wa barua moja. Kwa mdomo siwezi, unanijua.

Mambo ya chandarua, maji ya kuchemsha na viatu vya kufunga kwa sababu ya nge nayaacha. Mama ameyasema yote na atayarudia mlangoni. Mimi nataka kuongea nawe juu ya ruta. Wewe ndiwe uliyenifundisha, na nayaandika unayoyajua ili uone nilichokisikia ulipokuwa ukiongea, maana si kila mara kilikuwa ulichokisema.

Unakumbuka nilivyoanza kupanda nawe kwenye mapaa? Haikuwa kwa hamu yangu. Ilikuwa wiki ile baada ya mtihani wa mwisho, nikawa nashinda ndani. Mama akakuambia, "Mchukue huyu akaone jua, ataota kuvu." Ukanipa ngazi ya kushika. Siku ya kwanza sikusema neno hata moja, na wewe hukunilazimisha. Uliongea peke yako kama mtu anayechunga mbuzi: hili ndilo Jengo la Bluu, waya mkubwa wa kampuni ya intaneti unaingilia hapa, lile ni jengo la Oti mwenye duka la michezo ya video, lile la tatu lina kinyozi chini, na kule ng'ambo ya barabara, lenye matangi meusi, ndilo Jengo la Tangi, lenye wapangaji wengi kuliko yote. Kila jengo lina ruta yake, kisanduku chenye taa. Kati ya jengo na jengo kuna kiungo, ama waya ama dishi. Kazi yako ni kuhakikisha mtu wa ghorofa ya saba kwenye Jengo la Tangi akibonyeza simu, ombi lake linafika Jengo la Bluu na jibu linarudi.

Nilidhani wewe ndiwe unayeziambia ruta njia ya kupita. Nilipopata sauti, wiki ya pili, nikakuuliza, "Baba, unazielekeza saa ngapi?"

Ukacheka mpaka ukakaa. "Siziambii, Mwaitu. Zinajijulia."

Kisha ukachukua vibanio vya nguo vya wapangaji. Lile paa la Jengo la Bluu lina kamba za kuanikia kila upande, na siku hiyo nguo zilikuwa zimeanuliwa. Ukasema kamba hii ndiyo waya wa kutoka hapa hadi kwa Oti, ukabana vibanio viwili. Kutoka kwa Oti hadi kwa kinyozi, kimoja. Kutoka kwa kinyozi hadi Jengo la Tangi, viwili. Halafu kamba moja ndefu iliyokatiza paa zima, kutoka Bluu moja kwa moja hadi Tangi, ukabana vibanio kumi. Hilo lilikuwa dishi la kurushia juu ya barabara.

"Kibanio ni gharama," ukasema. "Kiungo chenye kasi kinapewa vichache. Kizito kinapewa vingi. Sasa niambie, kutoka hapa hadi Tangi, tupite wapi?"

Nikaonyesha kamba ndefu. Ilikuwa moja na imenyooka.

"Hesabu."

Ukanifundisha kuhesabu kama ruta. Unasimama pale ulipo. Unatazama walio karibu: Oti kwa viwili, Tangi kwa kumi. Unachukua aliye rahisi zaidi, Oti, na kwake umemaliza, hakuna njia ya kumfikia kwa bei ndogo kuliko hiyo. Sasa kutoka kwa Oti unachungulia mbele: kinyozi, viwili na kimoja, vitatu. Vitatu ni chini ya kumi, kwa hiyo kinyozi naye umemmaliza. Kutoka kwa kinyozi unachungulia tena: Tangi, vitatu na viwili, vitano. Ile kumi ya mwanzo unaifuta. Unaendelea hivyo hivyo, kila mara ukichukua aliye karibu zaidi kwa jumla, mpaka kila jengo lina njia yake.

"Lakini hiyo inapitia nyumba mbili," nikasema.

"Inapitia. Na inafika kwanza."

Nilikaa na jambo hilo kwa siku nyingi. Shuleni niliamini kwamba mwenye akili ni yule anayekwenda moja kwa moja. Wenzangu walijua watakuwa nani tangu kidato cha pili, na mimi nilijiona nimechelewa kwa sababu sikuwa na kamba iliyonyooka. Siku hizo za vibanio ndipo nilipoanza kupumua kidogo.

Sitaki kukupa mafunzo ambayo sijayalipia mwenyewe, kwa hiyo turudi kwenye Jumapili ile ya mpira, ambayo Kware nzima inaijua. Ulikuwa umekwenda Machakos kwenye kikao cha harusi. Ukaniachia simu na neno la siri la ruta, ukasema, "Usiguse kitu, angalia taa tu." Nikaangalia taa mpaka zikanichosha. Kisha nikaanza kufikiri, na hapo ndipo mambo yalipoharibika. Nililiona lile dishi linakaa bure kwenye kumi zake wakati nyaya zinabeba mzigo wote, nikalionea huruma. Nikajiambia labda ulikosea, au labda hukuwahi kulijaribu. Nikaingia nikalipunguzia. Nikaliandikia gharama ya moja.

Kwa dakika chache nilijiona fundi. Kisha simu ikalia.

"Niaje Mumbua! Buda ako wapi?" Alikuwa Oti, anakuulizia wewe, na nyuma yake nilisikia dunia nzima ikipiga kelele. Siku hiyo alikuwa ameenda kuonyesha mpira kwenye ukumbi wa Jengo la Tangi, watu wamejaa hadi ngazini. "Hii net yenu inatembea na magongo! Mchezaji anaanza kukimbia, akifika golini ashazeeka!"

"Ngoja kidogo," nikasema, kwa sauti ambayo hata mimi sikuisikia.

"Ati?"

"Ngoja!"

"Mimi nitangoja, msupa. Hawa wasee ndio hawatangoja. Kuna mmoja ashavua kiatu."

Nilipanda mbio juu ya paa kana kwamba ningeiona intaneti kwa macho. Dishi lilikuwa pale pale, limetulia, taa yake kijani. Ulipopiga kutoka Machakos nilikuwa nimekaa chini kando yake nalia. Hukunigombeza. Uliuliza, "Uliandika ngapi?" Nikasema moja. Nikasikia unajizuia kucheka. "Rudisha kumi, Mwaitu. Halafu unywe maji."

Uliporudi ulinieleza, na maneno hayo nimeyashika. Ulisema hakuna ruta hata moja iliyokosea siku hiyo. Zote zilihesabu sawasawa. Zilihesabu juu ya uongo. Kiungo kidogo kilisema kina nguvu kisizokuwa nazo, zote zikakiamini kwa sababu zimeumbwa kuamini, zikakitwisha mzigo wa jengo zima, nacho kikazama kikitabasamu kwa taa ya kijani.

"Mtu akisema ni mzima na si mzima," ukaniambia, "wanaompenda ndio watakaomvunja mgongo."

Nilidhani unasema juu ya dishi. Wewe pia nadhani ulidhani hivyo.

Sasa nakuja kwenye jambo lililonifanya nichukue kalamu. Ni jambo la nyanya.

Nilikuwa darasa la tano, nawe ulikuwa Mombasa unalaza nyaya. Nyanya Mumbua alikuwa peke yake kule Machakos, na simu yake ilikuwa inakaa kwa jirani kwa sababu huko ndiko kulikokuwa na umeme wa kuichaji. Habari zake zilisafiri kwa mdomo. Jirani alimpigia ami Mutinda, ndugu yako, kwenye kibanda chake cha viatu Kariokor. Ami alimpigia Mama. Mama alikupigia wewe. Nimemuuliza kila mmoja wao, mmoja mmoja, kwa miaka, kama mtu anayefuata waya kutafuta palipokatika.

Jirani alisema, "Ana homa, haamki kitandani."

Ami alikuwa na wateja mbele yake na hakutaka kumtisha Mama. Akasema, "Ana homa kidogo."

Mama alidhani uko juu ya nguzo siku nzima, hakutaka mikono yako itetemeke. Akakuambia, "Alikuwa na homa, lakini anaendelea vizuri."

Nawe ukasema, "Mungu ni mwema. Mimi pia niko sawa." Na hukuwa sawa. Mama alikuja kujua baadaye kwamba wiki hiyo ulikuwa umelala na malaria.

Hakuna aliyedanganya. Mama mpaka leo akikumbuka hulia na kusema, "Nilisema nilivyoambiwa." Kila mmoja alipunguza kidogo tu, kwa upendo. Ulipopata ukweli ukasafiri mchana kutwa, ukafika getini, ukaita kama ulivyozoea tangu ukiwa mtoto: "Mwaitu!" Na sisi sote tuliotangulia kufika kwake tulisubiri jibu lake, lile moja lisilobadilika, ambalo alilitoa hata akiwa shambani kwa mbali: "Niko hapa, mwanangu."

Halikuja. Alikuwa anakuona lakini hakuweza tena kusema.

Wewe hukumbuki mimi nilikuwa wapi. Nilikuwa nyuma ya mlango wa jikoni. Ulipoita, mdomo wangu ulifunguka. Nilikuwa na jina lake, Baba. Ulikuwa umeniita hivyo hivyo maisha yangu yote. Nikataka kujibu ili ule ukimya usiendelee, kisha nikaogopa, nikaona kama ninamnyang'anya kiti akiwa bado amekikalia. Baada ya mazishi, kila ulipoingia nyumbani ukaita "Mwaitu!" nilirudi nyuma ya mlango ule. Ndiyo maana huwa natazama chini. Haikuwa dharau, na haikuwa aibu peke yake.

Siku moja juu ya paa, mwezi wa kwanza huu, ulinieleza bila kujua unaeleza nini. Ulisema zamani ruta nyingi zilifanya kazi kwa uvumi. Kila moja inamuuliza jirani, "Fulani yuko mbali kiasi gani?" na kuamini anachoambiwa, na jirani naye aliambiwa na jirani yake. Hakuna hata mmoja aliyeiona barabara yenyewe. Njia ikikatika mbali, habari mbaya hutambaa, na wakati mwingine majirani wawili hubaki wakihakikishiana kwamba njia ipo, kila mmoja akimtegemea mwenzake.

"Hizi zetu ni tofauti," ukasema. "Kila moja inatangaza jambo moja tu: mimi ni fulani, nimeungana na hawa, kiungo changu hiki kiko hivi. Habari za mwingine haitungi. Jirani akipokea tangazo hilo haongezi chumvi wala hapunguzi pilipili, analipitisha kama lilivyo, mpaka ruta zote ziwe nalo. Basi zote zina ramani moja. Kisha kila moja inakaa na ramani hiyo inahesabu yenyewe."

Ulikuwa umeshika koleo. Ukatazama upande wa mjini, Kariokor iliko, na kusema kwa sauti ya chini, "Tungekuwa hivyo wakati ule wa Mwaitu." Hukumaanisha mimi.

Nikatarajia kwamba baada ya kusema hivyo ungebadilika. Kumbe mtu anaweza kulielewa jambo kwenye waya na asilielewe kwenye kifundo cha mkono wake mwenyewe. Baadaye, siku moja ya mvua, uliteleza kwenye ngazi ya Jengo la Tangi, mkono ukavimba kama andazi. Ukanituma nikatangulie nyumbani. "Mwambie mama yako nimechelewa kwa foleni."

Nikamwambia. Mama akanitazama.

"Foleni ya nani? Si anatembea kwa miguu kutoka hapo nyuma?"

Mama akageukia jiko lake, akasema bila hasira, "Mamamkwe, usikubali kuwa ami Mutinda." Nadhani neno hilo ndilo lililoandika barua hii.

Mwanangu, ninachokuomba ni hiki. Ukifika Lodwar, usituambie uko sawa. Tuambie uko vipi. Sema joto limekuzidi, sema wenzako wa kazi wanakuchekesha, sema leo dishi la zahanati limekubali, sema umekaa kitandani ukatukumbuka mpaka ukashindwa kula. Mwambie Mama mwenyewe, uniambie mimi mwenyewe. Usinipe mimi ya kumpelekea yeye. Sisi hatutavunjika. Tukijua kiungo kimeelemewa tutakipunguzia mzigo, tutapitisha mambo mengine kwingine. Tusipojua, tutakutwisha Jengo la Tangi lote huku taa yako ni ya kijani.

Nasi tutafanya vivyo hivyo. Nimeongea na Mama akakubali, ingawa alisema, "Aanze yeye." Basi naanza mimi kwa niaba ya wote. Hii ndiyo hali yangu ya leo, isiyopunguzwa: naogopa matokeo. Naogopa zaidi fundi mpya anayekuja kesho kushika kazi yako, kwa sababu umemwahidi nitamwonyesha mapaa yote na itabidi niongee naye. Nimefanya mazoezi ya "Karibu" mbele ya kioo, nikasikia Mama anacheka chumbani. Sitaki uende. Nataka pia uende, kwa sababu uliposoma ile barua ya kazi uso wako ulikuwa wa mtu niliyemwona kwenye picha zako za ujana tu. Yote mawili ni kweli, na sitakuficha hata moja.

Kuna siku moja nataka uibebe uendako. Ni asubuhi ile tulipopanda tukakuta lile jengo linalojengwa nyuma ya Tangi limeongeza ghorofa nyingine. Dishi letu la upande ule, si lile la vibanio kumi bali jingine la kasi lililokuwa likitazamana na mwenzake bila kizuizi, sasa lilikuwa linatazama matofali. Nikangoja simu ya Oti. Haikulia. Tukamkuta chini anafungua duka, anapiga mluzi.

"Net iko aje?" ukamuuliza.

"Iko fiti, buda. Kwani mmefanya nini?"

Hatukuwa tumefanya kitu. Ruta za pande zote mbili zilikuwa zimetangaza mara moja kwamba kiungo chao kimekufa, zote zikasikia, kila moja ikahesabu upya, na njia ikawa imeshahamia upande wa kinyozi sisi tukiwa bado tunafunga kamba za viatu nyumbani. Ulisimama pale mbele ya duka ukafurahi kama uliyeshinda kitu. "Umeona, Mwaitu? Kiungo kimekufa na hakuna aliyelia."

Mimi niliona jambo lingine. Niliona kwamba kukatika siko kunakoumiza watu. Kuna mambo yatakatika mwaka huu, najua. Utakosa siku yangu ya matokeo. Utakosa Krismasi labda. Ghorofa zitaota katikati yetu. Lakini tukisema mapema, tutakuta njia imeshahamia.

Na usiogope kwamba njia yako na yangu haitakuwa moja. Hilo nalo ni fundisho lako. Ulisema ramani ni moja lakini kila ruta inajiweka yenyewe kwenye shina na kuhesabu kutoka pale iliposimama, kwa hiyo njia bora ya Oti si njia bora ya kinyozi. Mimi nikihesabu kutoka hapa Kware, naona kozi ya ufundi, naona mapaa haya, naona sauti yangu inaongezeka kidogo kidogo. Wewe ukihesabu kutoka mahali ulipofika, miaka yote hii ukipanda ngazi za watu, njia yako inapitia Lodwar. Ina nyumba mbili katikati, na jua kali. Nimeihesabu mara nyingi nikitumaini nitakuta kosa ubaki. Sikukuta.

Jambo la mwisho, halafu nikupishe ukafunge begi, maana nasikia Mama anakuuliza kwa nini umeweka koleo juu ya mashati.

Niliwahi kukuuliza ruta mbili zinajuanaje kabla ya yote hayo, kabla ya ramani na hesabu. Ukasema zinasalimiana. Kila baada ya muda mfupi, moja inatuma salamu tupu, isiyo na habari ndani yake isipokuwa majina ya majirani inaowasikia. Mwenzake akikaa bila kusikia salamu kwa muda uliowekwa, anajua kuna tatizo, hangoji kuambiwa. Kwa hiyo utume salamu, Baba, hata ukiwa huna la kusema. Hasa ukiwa huna la kusema.

Kisha ukaongeza kitu, ukiwa umeshaanza kukunja ngazi, kama si kitu cha maana. Ulisema kuisikia salamu ya mwenzako hakutoshi. Ruta haimhesabu mwingine kuwa jirani wa kweli mpaka isikie jina lake yenyewe ndani ya salamu ya huyo mwingine. Mpaka ijue kwamba yule inayemwita naye anaisikia. Kabla ya hapo ni njia ya upande mmoja, na hakuna kinachoweza kupita.

Umeniita kwa miaka yote hii, mwanangu. Nilikuwa nakusikia kila mara.

Kesho utabeba begi mpaka getini, na najua utageuka, kwa sababu huwezi kuondoka bila kugeuka, na utaita "Mwaitu!" mbele ya Mama, na Oti, na fundi mpya, na mtaa mzima. Usiite kwa haraka ukaondoka kama ulivyozoea. Ita, kisha usimame.

Niko hapa, mwanangu.

Mumbua